Masaki ya Mbangala

Mwezi Agosti 2025 baba mdogo alinipigia simu kutoka Mbangala. Simu zake huwa na mpangilio usiobadilika: kwanza mvua, kisha ng'ombe, kisha wagonjwa, na mwishoni, sauti ikiwa imeshuka kidogo, pesa. Safari hii aliyaruka yote hayo akaanza na shauri. Ukoo ulikuwa umekaa kikao, alisema, na kuafikiana kwamba lile shamba letu la ekari sita lililo kando ya barabara lisilimwe ufuta tena. Zijengwe nyumba nane za kupangisha, zenye vyoo vya ndani, feni na maji ya bomba, kwa ajili ya wageni wanaofanya kazi katika migodi ya wilaya yetu: Wazungu, Waafrika Kusini, Waghana, na wahandisi wetu wenyewe wanaotoka Dar es Salaam. Eneo lizungushiwe ukuta. Liwekwe geti na mlinzi. Kisima kirefu kichimbwe ndani ya ukuta. Kisha akamalizia kwa maneno ambayo sijaweza kuyaondoa kichwani tangu siku ile: "Mwanangu, wewe umekaa huko miaka mingi, unajua watu wale wanavyopenda kuishi. Tuchoree Masaki yetu."

Nilimjibu kwamba nitafikiri. Ninaandika leo kwa sababu kufikiri kwenyewe kumenipeleka mbali kuliko nilivyotarajia, na kwa sababu ninashuku kwamba swali alilonitupia mzee yule linawahusu pia wanaopanga miji yetu, wanaosaini vibali vya ukaazi, na wale wanafunzi wangu ambao ndoto yao, wakiamua kusema kweli, ni siku moja kupanga nyumba Masaki.

Mbangala ni kata ya Wilaya ya Songwe. Zamani tulikuwa Chunya, Mkoa wa Mbeya. Mwaka 2016 tukajikuta katika mkoa mpya wenye makao yake Vwawa na wenye mji mmoja ambao kila dereva wa lori kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi anaujua, yaani Tunduma. Kwetu hakuna malori ya Kongo. Kuna joto, ufuta, ng'ombe, na dhahabu. Dhahabu ndiyo iliyowaleta wachimbaji wa Kizungu katika bonde la Lupa miaka ya 1930, na ndiyo inayowaleta wageni wa leo.

Masaki ipo kwenye ncha ya rasi ya Msasani, kaskazini mwa katikati ya jiji la Dar es Salaam, na Oysterbay ikiwa kusini yake. Hapo ndipo yalipo makazi ya mabalozi, maofisa wa mashirika ya misaada, walimu wa shule za kimataifa, mameneja wa kampuni za simu na za gesi. Wengi wa wasomaji wangu wameifahamu kutokea mbele: barabara pana, miti iliyopogolewa, kuta ndefu zenye nyaya za umeme juu yake na mbogamboga za maua chini yake. Mimi niliifahamu kutokea nyuma.

Nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Mlimani, katikati ya miaka ya 1990, likizo ilinikuta bila nauli ya kurudi nyumbani. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mtunza bustani katika nyumba moja ya Masaki. Aliishi katika banda la uani, chumba kimoja nyuma ya tangi la maji, jirani na jenereta. Jenereta likiwashwa usiku, kuta zilitetemeka na kikombe kilitembea juu ya meza. Nililala hapo wiki saba. Mjomba aliniombea ruhusa kwa mwenye nyumba, naye akaikubali kwa ukarimu, akaniuliza ninasoma nini, akafurahi kusikia jibu, na hatukuzungumza tena.

Katika wiki zile saba niligundua jambo ambalo baadaye sikulikuta katika kitabu chochote cha sosholojia ya miji nilichopewa kusoma. Rasi ile ilikuwa na miji miwili katika ekari zilezile. Watu wa nyumba za mbele walikuja kwa mikataba ya miaka miwili au mitatu, wakaondoka. Watu wa mabanda ya nyuma walibaki. Mjomba alikuwa amewatumikia Wadenmark, kisha Waholanzi, na nilipofika mimi walikuwepo Wakanada. Kila familia ilipoondoka ilimkabidhi kwa inayofuata, pamoja na mapazia, friji na mbwa. Mbwa yule aliitwa majina matatu tofauti katika maisha yake na aliyaitikia yote. Mjomba naye aliitwa kwa jina la ubatizo lililofupishwa kwa namna tatu, naye pia aliitika.

Kila mwaka, shule za kimataifa zilipofunga mwezi Juni, ulikuwa msimu wa kuondoka. Vitu viliuzwa uani: baiskeli za watoto, majiko, vitabu, mitungi ya gesi. Watu wa nyuma walinunua kwanza, kwa bei ya huruma, kisha madalali wakaja. Mjomba aliwahi kupewa friji kama zawadi ya kuagana. Hakuwa na mahali pa kuichomeka, hivyo akahifadhia humo mahindi yake ya mwaka mzima, na panya hawakuyafikia. Alisema ilikuwa zawadi bora kuliko zote alizowahi kupata kwa mzungu.

Chini ya mkungu mmoja kando ya barabara, mama mmoja wa Kilindi alipika wali na maharage kwa ajili ya walinzi, wapishi, yaya na madereva. Pale ndipo ulipokuwa mtaa. Mjomba aliwajua wafanyakazi wa nyumba kumi na mbili kwa majina, makabila na madeni yao. Alijua nyumba ipi ina mgonjwa, ipi mume amehamia chumba cha wageni, ipi itaondoka kabla hata barua ya uhamisho haijafika. Bosi wake hakumjua mtu wa nyumba ya pili. Siku moja mlinzi wa jirani alifiwa na mkewe, na michango ilikusanywa kwa mama wa wali. Jioni ile ile fedha za kusafirisha maiti hadi Njombe zilikuwa zimetimia. Bosi wa yule mlinzi alitoa bahasha nono, lazima niseme, kisha akauliza kwa upole kama siku nne za ruhusa zingetosha.

Sitaki kumcheka. Alikuwa mtu mwema aliyewekwa mahali ambapo wema wake haukuwa na njia ya kupita isipokuwa bahasha. Aliyejenga ukuta ule hakuwa yeye. Aliukuta.

Basi aliujenga nani? Wajerumani walipohamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam mwaka 1891, walitoa kanuni za ujenzi zilizougawa mji katika kanda kwa kufuata aina ya nyumba. Waingereza waliurithi mgawanyo huo baada ya Vita Kuu ya Kwanza na kuunyoosha zaidi: Uzunguni ufukweni, Uhindini katikati, Kariakoo nyuma, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa mtupu kati ya Uhindini na Waafrika ili magonjwa yasivuke, kama walivyoamini, au watu wasivuke, kama ilivyokuwa. Oysterbay ilianza kujengwa kwa ajili ya maofisa wa Kizungu katika miaka ya 1930. La kuzingatia ni kwamba kanuni hazikuhitaji kutaja rangi. Zilitaja aina ya nyumba na vifaa vya kujengea. Mpango wa jiji wa mwaka 1949 ulikwenda mbali zaidi katika ustaarabu wa maneno: sasa zikawepo sehemu za msongamano mdogo, wa kati na mkubwa. Mtumishi wa idara ya ardhi anayesoma makala hii atatabasamu, maana viwanja vyetu bado tunavigawa hivyohivyo, vya ujazo mdogo, ujazo wa kati na ujazo mkubwa, na hakuna anayekumbuka kwamba maneno hayo yalichukua nafasi ya maneno mengine.

Kisha tukapata Uhuru. Maofisa wetu wakahamia katika nyumba za Oysterbay, jambo la haki kabisa. Mwalimu mwenyewe alikuwa na nyumba yake Msasani. Azimio la Arusha likaja mwaka 1967, na mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Katika miaka hiyo ya ujamaa wataalamu wa Kiskandinavia walikuja kwa wingi kutusaidia kujitegemea, na kwa kuwa walihitaji mahali pa kulala, rasi ikaendelea kuwa ilivyokuwa. Mitaa ikabadilishwa majina: barabara moja ikaitwa Toure, nyingine Haile Selassie. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyumba za serikali zikauzwa kwa watumishi wa serikali kwa bei iliyozua mjadala ambao haujaisha hadi leo, na baadhi ya walionunua wakagundua haraka kwamba kuna faida kubwa zaidi katika kumpangisha mgeni kuliko kuishi mwenyewe. Kodi ikatajwa kwa dola, ikalipwa mwaka mzima mbele. Ikiwa kuna mtu anayedhani Uzunguni ni kitu walichotuachia wakoloni na tukashindwa kukiondoa, na ahesabu majina ya wenye nyumba wa Masaki ya leo. Wengi wao ni jamaa zetu. Tuliutunza ukuta ule kwa sababu ulikuwa unatulipa.

Nina rafiki Mmarekani aliyefundisha katika idara jirani na yangu kwa miaka tisa, akikaa Msasani. Alijua Kiswahili cha kutosha kubishana na makondakta. Alipostaafu hakurudi kwao. Mshahara wa kustaafu wa mwalimu haumtoshi mtu katika miji mingi ya Marekani. Alihamia Puerto Vallarta, mji wa pwani ya Pasifiki nchini Meksiko, ambako Wamarekani na Wakanada wengi wanakwenda kumalizia uzee wao kwenye jua. Huniandikia kila baada ya miezi michache. Ananieleza vilima vinavyotazama bahari ambako wenzake wanaishi, mikahawa ambako mhudumu huanza na Kiingereza, na jinsi vijana wanaohudumu katika mikahawa hiyo wanavyopanda mabasi jioni kurudi mbali, nyuma ya mji, kwa sababu kodi za karibu na bahari zimewashinda. Katiba ya Meksiko, kwa mujibu wa kifungu chake cha 27, inamkataza mgeni kumiliki ardhi moja kwa moja ndani ya kilomita 50 kutoka pwani na kilomita 100 kutoka mpakani. Ni katazo la heshima, lililoandikwa na watu waliokuwa na kumbukumbu chungu za kunyang'anywa ardhi. Leo mgeni hununua kupitia dhamana ya benki: jina la benki liko kwenye hati, yeye yuko kwenye kibaraza. Nasi tunayo Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, ambayo haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Sheria za namna hii ni nzuri. Zinalinda udongo. Haziwezi kulinda ujirani, na hazikutungwa kwa kazi hiyo.

Katika barua moja aliandika jambo ambalo nimewasomea wanafunzi wangu zaidi ya mara moja. Alisema kwamba huko aliko anaitwa mstaafu, hapa aliitwa mtaalamu, na katika nchi zote mbili hakuna hata siku moja aliyoitwa mhamiaji, ingawa amehama mara mbili na sanduku lake ni lilelile.

Kiswahili chetu kina hekima, lakini katika jambo hili kimejifunza tabia mbaya. Mtu wa nje anayeishi kwetu anaweza kuwa mtaalamu, mwekezaji, mfadhili, mtalii au mgeni. Anaweza pia kuwa mhamiaji haramu. Kibali chake cha ukaazi kitakuwa cha daraja A akiwa mwekezaji, B akiwa mwajiriwa, C akiwa mwanafunzi au mmisionari. Asiye na herufi anabaki kuwa idadi tu kwenye taarifa ya habari: "wamekamatwa kumi na watatu." Mwezi Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina kumi na tano, zikiwemo saluni, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na uchimbaji mdogo wa madini. Ninaielewa amri hiyo na sehemu yake ninaiunga mkono. Mfanyabiashara mdogo wa Kariakoo hawezi kushindana na mtu mwenye mtaji wa kiwanda nyuma yake. Ila niliposoma orodha ile nilijiuliza ni biashara gani kati ya hizo inayofanywa na mkazi wa kigeni wa Masaki. Sikuiona hata moja. Tuna ujasiri mkubwa kwa mgeni anayenyoa nywele.

Septemba nilisafiri kwenda nyumbani kujibu swali la baba mdogo ana kwa ana, kwani mambo ya ardhi ya ukoo hayajibiwi kwa simu. Badala ya kushukia Mbalizi na kupanda gari la Mkwajuni, niliendelea hadi Tunduma kumsalimu dada yangu, anayeuza mchele hatua chache kutoka mpakani. Tunduma ni mji usio na Masaki. Upande wa pili ni Nakonde, Zambia, na watu huvuka kwenda kununua sukari na kurudi kabla chai haijapoa. Pale kila mtu ni mgeni wa mwenzake: Mnyiha, Mkinga, Mnyamwanga, Mkongo, Msomali, dereva wa Kizambia aliyekwama siku ya nne kwenye foleni. Wanaishi ukuta kwa ukuta, na wanagombana ukuta kwa ukuta. Sisemi kwamba ni peponi. Dada yangu ana kufuli tatu mlangoni.

Asubuhi ya pili, tukiwa dukani kwake, gari lilisimama upande wa pili wa barabara. Wakashushwa vijana, nilihesabu kumi na moja, wakaketishwa chini mstari mmoja. Walikuwa wembamba mno. Watu wakasema ni Wahabeshi, wamekutwa porini wakielekea kusini. Kila mkazi wa Tunduma ameyaona hayo mara nyingi. Ndiyo njia yao, kutoka Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania, wakitafuta kufika Afrika Kusini. Juni 2012 zaidi ya miili 40 ya wasafiri kama hao ilikutwa mkoani Dodoma, watu waliokosa hewa ndani ya lori lililofungwa. Hawa kumi na mmoja walikuwa hai. Mmoja alikuwa amevaa fulana ya timu ya mpira ya Uingereza na kandambili mguu mmoja tu. Dada yangu alichota maji kwenye ndoo, akavuka barabara bila kumwomba mtu ruhusa, akawanywesha mmoja baada ya mwingine kwa kikombe kilekile. Askari kijana aliyewalinda alitazama pembeni. Kisha akaomba naye.

Nilisimama pale nikifikiria kibao cha barabara. Katika rasi ya Msasani kuna barabara iliyopewa jina la Mhabeshi, mfalme, na kandokando yake wanaishi watu waliohama kutoka mbali zaidi ya vijana wale, wengi wao kwa sababu ileile, yaani kutafuta maisha yaliyo bora kidogo kuliko yale ambayo kwao yangewezekana. Sina hakika nilitaka kufanya nini na wazo hilo. Sheria ni sheria, na nchi isiyojua nani anaingia haiwezi kujiita nchi. Lakini niliona aibu, na aibu ile haikuwa ya polisi wala ya Idara ya Uhamiaji. Ilikuwa yangu, maana mfukoni nilikuwa na karatasi ya miraba yenye mchoro wa nyumba nane, ukuta, geti na kisima.

Ndiyo, nilikuwa nimechora. Karo za wadogo zangu haziningojei nimalize kufikiri.

Kikao kilikaa chini ya mwembe wa marehemu babu. Walikuwepo wazee, vijana wawili wenye pikipiki, na shangazi yangu mkubwa ambaye ana zaidi ya miaka themanini na hukaa mkekani akifumba macho mpaka mtu akosee. Nilianza kwa mambo ya sheria. Niliwaeleza kwamba ardhi ile ni ardhi ya kijiji, kwamba kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 tunapaswa kwanza kuomba hatimiliki ya kimila, kwamba kumpangisha mgeni nyumba ni jambo moja na kumkabidhi kiwanja ni jambo jingine. Baba mdogo aliuliza kodi itakuwa dola ngapi. Nikamwambia kanuni zilizotolewa Machi 2025 zimekataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Akanitazama kwa muda mrefu kama mtu aliyefika harusini akakuta wali umeisha.

Kisha nikafungua mchoro, na nikaufungua pamoja na moyo wangu. Niliwakumbusha kuhusu Mzambia aliyekaa kwetu nilipokuwa na miaka minane. Alikuja kutafuta dhahabu, akapewa kibanda cha wavulana, nami nikahamia jikoni. Mama alimpikia. Alilipa kodi kwa chembe za dhahabu zilizopimwa kwa njiti za kiberiti, na miezi ambayo dhahabu ilikataa alilipa kwa kututengenezea mlango. Mlango ule upo hadi leo. Alijua msiba wetu, tukajua malaria yake. Niliwakumbusha pia Wasukuma walipofika na ng'ombe, ugomvi uliokuwepo, mashamba yaliyoliwa, na jinsi leo nusu ya wajukuu wa mtaa wa juu wana majina ya Kisukuma. Nikasema: wageni wote hao waliingia kwetu kupitia jikoni au kupitia ugomvi. Hawa wa sasa tunataka waingie kupitia geti.

Mmoja wa vijana wa pikipiki, mtoto wa baba mdogo, aliinua mkono kwa adabu. "Kaka," alisema, "kwako Goba ukuta una urefu gani?"

"Futi nane," nikajibu.

Watu walicheka, nami nilistahili. Alikuwa na hoja, na aliiendeleza vizuri kuliko wengi ninaowasahihishia mitihani. Alisema mgeni wa mgodini hatakaa kibanda cha wavulana, kampuni haitamruhusu. Mkataba utadai ukuta, taa, maji yaliyopimwa. Tusipojenga sisi atajenga mtu wa Mbeya au wa Dar, na sisi tutaomba kazi ya ulinzi kwenye geti la mtu mwingine. Je, mwalimu angependa hivyo? Sikuwa na jibu. Nilimkumbuka mjomba na friji lake la mahindi, miaka ishirini na sita rasini bila kumiliki hata tofali, na nikaona kwamba kijana yule alikuwa anazungumzia jambo lilelile ninalolizungumzia mimi, ila kutokea upande wa tumbo.

Hapo ndipo shangazi alipofungua macho. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Ninyi mnataka kumpa ukuta siku ya kwanza. Haya, mpeni. Lakini hicho kisima hapo kwenye karatasi, kiko upande gani?"

Nikamwonyesha. Ndani.

"Na Mwezi wa Kumi, visima vya mkono vikikauka, mimi nitapiga hodi kwa nani?"

Kwa wasiojua ukanda wetu, Oktoba ni mwezi ambao mwanamke huamka saa tisa usiku kwenda kupanga ndoo. Hakuna aliyemjibu. Baba mdogo alieleza kwamba wapangaji watadai maji salama, kwamba kisima cha nje kitachezewa na watoto, kwamba pampu itaibwa. Yote kweli. Mzee mwingine akapendekeza bomba moja litolewe nje ya ukuta. Kijana akauliza umeme wa pampu atalipa nani. Mjadala ukaendelea mpaka mbuzi wakarudi. Tulichoafikiana mwishoni ni nyumba nne badala ya nane, ili nusu ya shamba ibaki ya ufuta. Jiko la nje na kibaraza vielekee barabarani badala ya kuelekea uani. Na ardhi isitolewe kwa mtu yeyote, wa ndani wala wa nje, ila nyumba zipangishwe kwa shilingi. Kuhusu kisima, kikao kiliahirishwa. Nilirekebisha mchoro papo hapo, nikauchora ukuta kwa kalamu ya wino na kisima kwa penseli, nikakiweka nje, kwenye kona ya barabara. Nikaondoka kesho yake na gari la alfajiri.

Wiki iliyopita baba mdogo alinitumia picha kwa simu. Msingi wa nyumba mbili umekwisha kuinuka. Mashine ya kuchimbia imeondoka, bomba la chuma limesimama juu ya udongo mbichi, na pembeni yake yuko shangazi ameegemea fimbo. Kamba ya fundi ya kupimia ukuta imefungwa kwenye vigingi, inapita karibu kabisa na bomba lile. Nimeikuza picha hiyo mara nyingi. Kwa jinsi ilivyopigwa siwezi kuona kama kamba imepita mbele ya kisima au nyuma yake. Nimemwandikia kumwuliza. Amenijibu kuhusu mvua.